Jina alilolitaja babu

"Fundi, siku hizi unasali wapi?" Wateja huniuliza hivyo hapa Mbuyuni nikiwa nimeinamia cherehani. Hapa Moshi swali hilo ni la kawaida kama kuuliza mtu kwao ni wapi. Sijibu mara moja, kwa sababu jibu langu ni refu kuliko muda wa kupima kiuno. Kusali sijaacha. Nimeacha kanisa.

Nilizaliwa Mlutheri, Old Moshi. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara, nikaimba sauti ya pili kwenye kwaya kwa miaka 17. Sare zetu nilizishona mimi mwenyewe. Sikugombana na mchungaji, wala sikuchoshwa na bahasha za ahadi. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu akiondoka, watu hutafuta ugomvi uliomwondoa.

Aliyeniondoa ni babu.

Babu mzaa baba alikufa hajabatizwa. Alfajiri alitoka nje na blanketi lake begani, akasimama penye uwazi kati ya migomba panapoonekana Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kabla mawingu hayajaifunika, akatema mate kidogo kuelekea juu, akazungumza na Ruwa, Mungu wa wazee wetu. Mate ya mzee kwetu ni baraka. Aliwataja watoto mmoja mmoja, mbuzi, maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa shambani, na wazee waliolala pale pale kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani. Halafu akachukua panga akaingia shambani. Hakuwahi kusogeza mpaka wa jirani hata kwa upana wa jani, na anayejua vihamba vyetu vilivyo vidogo atanielewa.

Alifariki nikiwa katika mafundisho ya kipaimara. Nikamuuliza mwalimu, babu yuko wapi sasa? Akanijibu bila kusita kuwa asiyebatizwa ameshahukumiwa. Nikanyamaza, nikakariri nilivyotakiwa kukariri, nikavaa gauni jeupe, watu wakala keki.

Zaidi ya miaka 20 ikapita. Siku moja nilikuwa nikimuuguza shangazi, akaanza kusali kwa Kichagga, kama alivyofundishwa utotoni. Neno la Mungu mle ndani lilikuwa Ruwa. Bakuli la uji lilibaki mkononi mwangu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walianza Machame mwaka 1893, baadaye wakaja kwetu Old Moshi, na walipotaka kumtaja Mungu kwa Kichagga walitumia jina walilolikuta midomoni mwa watu. Kwa jina hilo hilo tunaliita jua. Sasa babu alikuwa akimwita nani kila alfajiri? Na kama ni yule yule, yule mwalimu alimhukumu kwa niaba ya nani?

Tangu hapo Imani ya Mitume ilinishinda. Nilisimama na wenzangu wa sauti ya pili, tukifika penye hukumu ya wazima na wafu mdomo unajifunga. Nilijaribu mwaka mzima. Kusimama mbele ya watu na kutamka usichokiamini, tena umevaa sare, naona ni kumdanganya Mungu mahali pake. Januari 2021 nilifua sare yangu, nikaipiga pasi, nikamrudishia mwenyekiti wa kwaya. Nililia njia nzima hadi stendi. Kwaya naipenda mpaka leo; nikishona peke yangu bado naimba zile nyimbo, sauti ya pili tu, na masikio yangu yanazisikia zile tatu nyingine.

Ninachoamini sasa hakijai ukurasa. Yupo aliyetuumba na anatusikia. Hamuulizi mtu cheti cha ubatizo. Waliotutangulia hawako mbali. Yesu nampenda kama mwalimu aliyekula na watu waliokataliwa, ila siwezi tena kusema kwamba mlango ni mmoja na babu yangu yuko nje yake. Asubuhi nasimama nje ya chumba changu Majengo, nautazama mlima, nawataja watu wangu kwa majina. Dakika tano, kumi. Sina kitabu.

Kosa langu ni kwamba mama nilimwambia kwa simu. Aliuliza swali moja tu: "Nani atakuzika?" Si swali dogo. Kwetu msiba ni jumuiya, kwaya na mchungaji. Mtu asiyeshiriki meza ya Bwana anaweza kushushwa kaburini bila ibada, na mama aliona aibu hiyo mbele ya macho yake. Akakata simu. Miezi minane hakuipokea.

Desemba nilipanda haisi hadi nyumbani. Nilipofika kwenye uzio nikakata isale, nikafunga jani lake fundo, nikaingia nalo uani nimelishika kwa mikono miwili. Mchagga akiletewa isale hakatai kusamehe, hata awe mwenyekiti wa umoja wa wanawake usharikani, kama mama. Nikamwambia, "Mama, sikuja kuomba msamaha kwa ninachoamini. Nimekuja kwa jinsi nilivyokwambia."

Alilitazama lile jani muda mrefu. Kisha akalipokea, akaenda nalo nyuma ya nyumba, akalichomeka kwenye udongo karibu na kaburi la babu, akalimwagia maji ya kikombe alichokuwa nacho.

"Umekula?" akaniuliza.

Lile swali la nani atanizika hatujalirudia.