Siku moja maishani mwangu: nafundisha pikipiki Morogoro, na leo afande anakuja kuwapima

Saa 11 kasoro robo alfajiri

Sikuamshwa na alamu, nimeamshwa na meseji ya mwanafunzi. "Madam nimeota nimeangusha koni zote." Nikamjibu lala. Yeye nadhani alilala, mimi ndo usingizi ukakata moja kwa moja, nikaenda jikoni nikabandika chai ya rangi na viazi vitamu vya jana, nikakaa kwenye kigoda naangalia Uluguru inavyotokeza kidogo kidogo gizani.

Swali ninaloulizwa kila wiki ni mwanamke unafundishaje watu pikipiki. Mjomba wangu alikuwa bwana shamba, alikuwa na Honda ya kazini, nami nilikuwa mtoto wa kuambiwa usiiguse. Nikaigusa. Kovu la eksozi ninalo mpaka leo kwenye shavu la mguu wa kulia na kila kundi jipya likija ndo kitu cha kwanza nawaonyesha, kabla ya klachi kabla ya gia, nawaambia pikipiki unashukia kushoto, ukishukia kulia utakuwa na muhuri kama wangu.

Saa 12 na nusu asubuhi

Nimefika chuoni. Tuna pikipiki mbili za mafunzo, TVS ya cc 125 na Boxer ya 150. Watu wanadhani leseni ya pikipiki ni moja tu, hapana, daraja A1 ni za injini ndogo na daraja A ni zile za kuzidi cc 125, kwa hiyo mtu akija namuuliza kwanza utaendesha nini ukitoka hapa. Wengi hawajui. "Si pikipiki tu madam."

Nakagua tairi, oili, taa, honi, nasukuma cheni kwa kidole nione inacheza kiasi gani. Waya wa klachi wa TVS nikauona umeanza kuchanua nyuzi pale kwenye mkono wa klachi. Nikajisemea itafika jioni.

Saa 1 na nusu

Darasani. Tuna ubao mkubwa wa plaiwudi umechorwa mji mzima, barabara, zebra, reli, kipilefti (ule mzunguko wa makutano), halafu vigari vya watoto vya plastiki ndo magari yetu. Leo ni watu 6 wa mtihani. Kuna nesi anayetoka Kihonda, anapangiwa zahanati ya mbali na amechoka kupakiwa. Kuna mzee mstaafu, anataka pikipiki ya kwenda shamba. Vijana watatu waliomaliza kidato cha nne. Na kuna kaka mmoja wa bodaboda, miaka 8 yupo barabarani, leseni hana.

Nikaweka kigari kwenye kipilefti nikauliza nani anapita kwanza. Yule kaka wa boda: "Mwenye roho ngumu." Darasa zima likacheka, mzee akacheka mpaka akavua miwani. Kitabu kinasema unampisha anayetoka kulia kwako, ila nilimwelewa maana nami nimepita kipilefti cha Msamvu saa 12 jioni mabasi ya Dodoma na Iringa yakikutana na daladala, pale nimeona mwenyewe roho ngumu zikipita kwanza. Nikamwambia afande hatakuuliza Msamvu inafanyikaje, atakuuliza sheria inasemaje, na siku ukigongwa pia watakuuliza hivyo hivyo.

Halafu nikaandika 42 ubaoni. Nikawauliza ni nini. Mmoja akasema miaka yako madam (sijafika bhana!). Hiyo ni asilimia ambayo helmeti inapunguza uwezekano wa kufa mwendesha pikipiki akipata ajali, na kuumia kichwa inapunguza kwa 69, wataalamu walikusanya tafiti nyingi wakapata hivyo. Nesi akaitikia kwa kichwa tu, yeye zamu za usiku anazijua. Ila helmeti iliyofungwa kidevuni. Ile ya kuning'inia kwenye kiwiko kama kikapu cha sokoni haimo kwenye hiyo 42.

Saa 3

Uwanjani. Hapa ndo kwenye kazi yenyewe.

Nesi alipokuja wiki tatu zilizopita hakuwahi kukaa mbele ya pikipiki hata siku moja. Siku ya kwanza akaachia klachi ghafla, TVS ikaruka ikazima, ikaruka, ikazima, nikahesabu mara 11. Lakini huyu ni mwanafunzi rahisi, niamini. Ukimwambia achia taratibu mpaka uisikie pikipiki inataka kwenda halafu tulia hapo hapo, anatulia hapo hapo. Ukimwambia usiangalie koni, angalia unakokwenda, anainua macho, na pikipiki inafuata macho, ukiangalia koni utaigonga koni, sijui kwa nini ila iko hivyo.

Kaka wa boda sasa. Huyu nampa Boxer, anaipiga stata huku anaongea na simu. Anapakia magunia, anapakia mshikaki wa wanafunzi watatu (alisema mwenyewe, sikumuuliza), kilima cha Bigwa anapanda usiku na mvua. Nikampangia koni za kuchora namba 8, nikamwambia taratibu, gia ya kwanza, mguu usiguse chini. Duara la kwanza akaweka mguu chini. La pili, mguu. La tatu akavuta resi apite haraka, akatoka nje akaenda kusimama karibu na goli. "Sista hii si barabara, nani anaendesha hivi?" Nikamwambia kila siku unaendesha hivi, ukiwa kwenye foleni ukipenya kati ya daladala, ila huko miguu yote miwili umeiburuza chini kama bata ndo maana hujui kama hujui.

Halafu tukaja kwenye breki.

Nataka niongee hili kwa kirefu kidogo maana ndo linaninyima usingizi kuliko ndoto za koni. Vijiweni karibu kila mtu anaamini breki ya mbele inarusha. Anayeanza boda leo anaambiwa na kaka zake wa kijiwe, usiiguse hiyo, utapaa. Kwa hiyo mtu anaendesha miaka na miaka kwa breki ya mguu tu. Wakati ukisimama uzito mwingi unakuja mbele, tairi la mbele ndo linalokandamizwa barabarani, ndo lenye nguvu ya kushika, la nyuma linabaki jepesi na ukilikanyagia linaburuza tu. Inarusha kweli ukiikamata kwa ghafla kama unaua mbu, au ukiwa umekata kona, au kwenye mchanga. Ukiiminya polepole huku unaongeza, usukani umenyooka, inakusimamisha.

Maneno hayajawahi kumbadilisha mtu wa boda, kwa hiyo mimi nachora mstari kwa chokaa. Nikamwambia njoo na spidi 30, ukifika mstarini simama unavyosimamaga. Akaja, akakanyaga ya nyuma, tairi likaburuza, vumbi, makalio ya pikipiki yakayumba kushoto. Nikahesabu kwa miguu kutoka mstarini, hatua 14. Rudi. Sasa tumia zote mbili, ya mkono iminye kama unakamua chungwa. Akaogopa, nikaona kwenye mabega. Mara ya kwanza aligusa tu. Mara ya tatu akaiminya vizuri, ile pua ya Boxer ikainama ikasimama. Hatua 8. Nikamsimamisha pale pale aliposimama nikamwambia geuka, nikaenda nikasimama mimi kwenye ile alama ya 14. Kati yetu hatua 6.

Hakusema kitu. Akashuka akaja akapima mwenyewe kwa miguu yake, alidhani nimemwibia.

Mzee naye akataka kujaribu akafanya vizuri kuliko wote, alikuwa na wasiwasi wa gia tu maana pikipiki ya ujanani kwake ilikuwa na gia ya kwanza chini na nyingine zote juu, na hii yetu zote unakanyaga mbele. Anapunguza gia huku anaomba dua.

Saa 5

Haikufika jioni. Waya wa klachi ukakatika, nesi akiwa juu, kwenye gia ya pili. Pikipiki inakwenda na klachi haipo. Vijana wakapiga kelele ruka! ruka! Yeye akafunga resi, akaminya breki zote mbili, injini ikazima kwa mshtuko, ikasimama. Akabaki amekaa, mikono yote miwili ikiwa imeng'ang'ania, akaniuliza "nimekosea wapi mwalimu?" Hujakosea popote mdogo wangu, nimekosea mimi asubuhi.

Fundi akaja na waya mpya. Tatizo waya mpya klachi inashika sehemu tofauti na ile waliyoizoea, na afande anakuja saa 8. Nikawapandisha wote sita mmoja mmoja, dakika tano tano, mikono ijifunze upya. Kwa kweli nilikuwa na hasira na nafsi yangu siku nzima iliyobaki.

Saa 7

Wali maharage kwa mama ntilie. Mzee kalipia wote, tukimkatalia anakasirika.

Saa 8 mchana

Afande kafika, kanyooka pasi kama kisu. Shikamoo nyingi. Kwanza maswali, anaonyesha alama kwa kalamu. Hii ni nini? Duara jekundu ni katazo, pembetatu ni tahadhari, bluu ni amri. Kijana mmoja alivyobanwa akasema pembetatu ya ng'ombe maana yake "mnada upo mbele". Afande akageuka upande akakohoa. Akauliza mwendo kwenye makazi, 50, wote wanajua. Akauliza ishara za mikono, mzee akazitoa zote kama anaongoza ndege.

Kwenye vitendo nesi alianza kwa kuzima. Waya mpya. Nikaangalia chini. Akarudisha gia fri, akapumua, akaangalia nyuma begani kama nilivyomfundisha, akaondoka. Koni, 8, akasimama kwenye boksi bila kugusa mstari. Afande akaandika.

Kaka wa boda, 8 ya kwanza safi kabisa! Mguu juu, macho juu, nikaanza kutabasamu mapema. Ya pili mguu ukashuka. Afande akampa nafasi nyingine na mguu ukashuka tena, hata yeye mwenyewe akauangalia ule mguu kama wa mtu mwingine. Kufeli akafeli, arudie.

Wamefaulu wanne. Wa mnada alifeli pia, ila yeye alama.

Kaka akakaa kwenye tofali chini ya mwembe. Akaniambia mwezi huu kaandikiwa mara tatu, faini ya bodaboda ni 10,000 tangu 2021 na kweli ni nafuu kuliko ile 30,000 ya zamani lakini mara tatu ni ile ile 30,000, na leo kapoteza siku nzima na hesabu ya bosi iko pale pale. Sikuwa na la kumwambia. Nikamwambia Jumamosi saa 12 asubuhi njoo, sikutozi, tunachora 8 mpaka uote.

Saa 11 jioni

Makaratasi. Waliofaulu nawaelekeza, cheti cha chuo, fomu ya polisi, TIN (namba ya mlipakodi), halafu TRA, mamlaka ya mapato, kwa picha na alama za vidole, unapewa kontroo namba unalipa. Nesi akauliza inadumu muda gani, miaka 5, zamani ilikuwa 3. Akasema basi hiyo miaka mitano yote atakuwa anakumbuka ule waya. Nami pia.

Saa 1 usiku

Pikipiki za chuo zinalala chuoni, kwa hiyo mwalimu wa pikipiki narudi nyumbani kwa boda kama abiria mwingine yeyote. Kijana mpole, ana helmeti mbili, nikafurahi, nikapanda. Njiani nina tabia mbaya, siangalii barabara, naangalia mkono wa kulia wa dereva. Tumepunguza mara mbili, mara tatu, vidole havijagusa breki. Nikamuuliza, mdogo wangu, breki ya mbele unaiogopa?

"Hamna sista, siiogopi. Haipo. Waya niliutoa tangu Pasaka, ulikuwa unanisumbua."

Nikamwambia simama hapo hapo kwenye taa, nitamalizia kwa miguu. Akakubali bila ubishi.

Taa tuliipita kidogo.