Madumu 1,400 kwenye bati moja

Hii ilikuwa Julai 2017, nipo TP, yale mazoezi ya kufundisha, kwenye shule moja ya kata huko wilaya ya Chamwino, zile sehemu ukishuka lami unadandia boda karibu saa nzima na unafika vumbi limekujaa mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nachukua ualimu UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, masomo yangu jiografia na historia. Pale shuleni tulipangwa wawili, mimi na dada mmoja wa Ufini aliyekuja kwa ile programu ya kubadilishana wanafunzi, naye kwao anasomea ualimu. Kiswahili alikuwa anakokota, ila kila jioni tukimaliza kula ugali wa uwele na mlenda anatoa daftari anaanza kuniuliza hili linasemwaje, hili linasemwaje.

Kidato cha kwanza walikuwa 74, dawati moja watatu. Na kama hujawahi kukaa huku kuna kitu inabidi ukielewe kwanza, wakati ule mtoto nyumbani anaongea Kigogo, msingi anasoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu anaingia sekondari ghafla kila kitu ni Kiingereza kasoro somo la Kiswahili lenyewe. Walikuwa wanapewa wiki chache za kuandaliwa pale mwanzoni, basi, safari imeanza hiyo. Sera ya elimu ya 2014 ilishaandika kabisa kwamba Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote, lakini darasani kwetu juu ya mlango kulikuwa na kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni Kiingereza tu.

Na mimi nilikifuata kile kibao, hili naliandika kwa sababu bado linaniuma. Wiki yangu ya pili nilimuuliza binti mmoja wa dawati la nyuma "What is weather?", akanyamaza, nikarudia akanyamaza, nikamwambia asimame. Alisimama kipindi kizima, dakika 40, anaangalia vidole vyake vya miguu. Kwenye kichwa changu nikamuandika kabisa kwamba huyu hana kitu.

Sasa ile Jumatano ilikuwa zamu ya mwenzangu, mada ni vifaa vya kupimia hali ya hewa, mimi nimekaa pembeni kumsaidia. Upepo wa Julai wa Dodoma mnaujua, bati lilikuwa linagonga muda wote. Akauliza swali la kwanza kwa Kiingereza, kimya. Akauliza la pili, kimya. Akaweka chaki mezani, akasema polepole kwa Kiswahili, nadhani alikuwa amejiandaa, "Mimi, Kiingereza si lugha yangu. Nilifundishwa shule, kama nyinyi. Mama yangu hajui Kiingereza."

Darasa likaganda. Kuna dogo wa mbele akashindwa kuvumilia, "Madam, kwani wazungu wote si wanaongea Kiingereza?" Mwenzangu akatikisa kichwa, akaandika ubaoni *sade*, akasema kwetu hii ni mvua. Halafu akanyoosha chaki, "Kwenu?"

Hakuna aliyesogea. Wote wakageuka kuniangalia mimi, wengine wanaangalia kibao. Nikasema andikeni tu. Na aliyenyanyuka kule nyuma ni yule binti, akapita katikati ya madawati akaandika kwa herufi ndogo sana *mvula*, akarudi kukaa. Mimi nikaongeza mvua, mwenzangu akamalizia rain, yakakaa maneno manne kwenye mstari mmoja na darasa zima likaanza kuyasoma kwa sauti bila kuambiwa.

Kuanzia hapo mambo yakafunguka. Mwenzangu akachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, akaikata juu kwa wembe, kile kichwa akakigeuza kikawa faneli, kipima mvua hicho. Kueleza kukawa kwangu, kwa Kiswahili, kwamba milimita moja ya mvua maana yake kila mita moja ya mraba imepokea lita moja ya maji, nikachora mita ya mraba kwa chaki pale sakafuni waione. Mmoja akauliza Dodoma tunapata ngapi kwa mwaka, nikamwambia inacheza kwenye 500 mpaka 600 hivi. Tukapima darasa kwa hatua, mita 8 kwa 7.

Yule binti alikuwa ameinama anaandika, ananong'ona na mwenzake Kigogo. Akanyoosha mkono, kwa mara ya kwanza tangu nifike pale.

"Mwalimu, naweza kusema kwa Kiswahili?"

"Sema."

"Bati la hili darasa, mvua ikiwa 500, ni lita 28,000. Ni madumu 1,400 ya lita ishirini."

Lazima mjue kwamba wale watoto kila asubuhi walikuwa wanakuja shule na maji, kila mtu na kidumu chake kutoka bombani, na foleni ya bombani kiangazi unaweza kupanga dumu lako alfajiri. Shule haikuwa na hata kipande cha gata. Nikawaeleza kwamba hayaingii yote, mengine yanarukia nje, mengine yanakauka, sawa, lakini ile namba ilishawaingia. Binti akauliza tena, "Sasa yote yanamwagikaga tu chini?" Kelele zilizofuata sijawahi kuzisikia kwenye kipindi changu chochote.

Kelele hizo ndio zilimleta mwalimu wa taaluma dirishani. Niliitwa ofisini saa ya chai. Akaniuliza swali moja tu, "Mtihani wa kidato cha pili utakuja kwa Kigogo?" Nikanyamaza, maana kweli ulikuwa unakuja kwa Kiingereza, na matokeo yakiwa mabaya ni yeye anayebanwa, sio mimi ninayeondoka Agosti.

Kesho yake nilimkuta binti bombani nikamwambia siku ile niliyokusimamisha nilikosea, nisamehe. Akachora chora chini kwa kidole cha mguu, "Haina shida mwalimu."

Wiki ya mwisho ya TP nilipita kwao kuaga. Bibi yake akanikaribisha kigoda, nikampa shikamoo, na pale uani nikaiona chupa imekatwa vile vile, imefungwa kamba kwenye mti wa zizi, ndani yule binti kaweka jiwe isipeperushwe. Mvua bado miezi mitatu. Pembeni alikuwa amechora vimstari vya milimita kwa rula na mkaa, mpaka juu, na chini yake ameandika mvula.