Mnyweshaji Aliyeomba Barua

Somo: Nehemia 1:1–4, 2:1–8

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Nehemia alikuwa mtu wa ughaibuni ambaye mambo yake yalikuwa yamemnyookea. Anakaa Shushani, ikulu, kazi yake kumpa Artashasta, mfalme wa Uajemi, divai. Riziki ipo, usalama upo. Huenda hata Yerusalemu yenyewe hakuwahi kuiona kwa macho. Hanani alipokuja na habari za ukuta uliobomolewa na malango yaliyoteketezwa, angeweza kabisa kusema "poleni sana, tunawaombea" akaendelea na zamu yake. Lakini imeandikwa: "nikaketi, nikalia, nikaomboleza siku kadha wa kadha."

Mahubiri mengi niliyosikia huishia hapo kwenye machozi na kufunga. Mimi naomba tutazame miezi. Habari zilimfikia mwezi wa Kisleu, na alisema na mfalme mwezi wa Nisani; hiyo ni kama miezi minne. Mfalme alipomuuliza, "Una haja gani unayotaka kuniomba?", hakubabaika. Aliomba kimoyomoyo, papo hapo akataja haja zake: ruhusa ya kwenda na muda wake, barua kwa maliwali walio ng'ambo ya Mto, na barua nyingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango. Hata jina la bwana misitu analo! Miezi yote ile ya maombi, mtu huyu alikuwa pia anaulizia nani ana ufunguo wa nini.

Sura hizi zimenirudisha kwa jirani zetu Wakaren. Sisi wakimbizi wa Kongo tuliopitia Nyarugusu, Tanzania, na kambi nyingine tukaletwa Marekani tunaishi nao miji ileile; wengine wetu tunasali jengo moja, sisi saa hii, wao saa ile. Kwao ni milima na misitu ya kusini-mashariki mwa Myanmar, mpakani na Thailand. Vita vyao na jeshi la nchi yao vilianza Januari 1949, mwaka mmoja baada ya uhuru, na havijaisha. Ukidhani sisi wa Kivu tumeteseka muda mrefu, keti na mzee wa Kikaren.

Tangu majenerali walipopindua serikali Februari 2021, mauti yamekuwa yakiwajia kutoka angani. Tarehe 27 Machi mwaka huo ndege zilipiga Day Bu Noh, wilaya ya Mutraw, na maelfu wakakimbilia porini na kuvuka mto Salween. Tarehe 12 Januari 2023 zamu ikawa ya kijiji cha Lay Wah: makanisa na shule vikavunjwa, watu watano wakauawa, miongoni mwao mama na mtoto wake mdogo. Vijiji vingi sasa vimechimba handaki kando ya darasa. Mwalimu akisikia injini, chaki inawekwa chini na watoto wanateremka shimoni, wadogo kwanza.

Na walio nje, je? Wengi walikulia kambini Thailand, Mae La na nyinginezo, kisha kuanzia miaka ya 2000 wakatawanywa: Saint Paul kule Minnesota, Sheffield Uingereza, Bendigo Australia. Wanasimama na mabango wakiwa wamevaa mashati yao ya kufumwa kwa mkono. Wanakwenda pia ofisi za wabunge. Mzee anasema kwa Kikaren, binti aliyezaliwa kambini anatafsiri, msaidizi wa mbunge anaandika. Kisha linakuja swali lilelile la Artashasta: mnataka tufanye nini?

Nao wana jibu. Zuieni mafuta ya ndege, kwa sababu ndege isiyo na mafuta haipigi kijiji. Msaada upitishwe mpakani, mikononi mwa mashirika ya wenyeji, usipitie kwa majenerali. Mwishoni mwa Januari 2023 Kanada ilipiga marufuku kuipelekea Myanmar mafuta ya ndege, na Agosti mwaka huo Marekani ikapanua vikwazo vyake kwa wanaohusika na mafuta hayo. Hawakupigania hilo peke yao, na mafuta bado yanafika kwa njia za panya. Lakini lango moja limepata mti wake.

Najua kuna mpendwa anasema sasa hivi, "Mtumishi, hiyo ni siasa." Nehemia alimwendea nani, kama si mfalme? Tena mfalme wa kigeni, asiyemwabudu Mungu wa Israeli. Na alisema wazi, "Ndipo nikaogopa mno." Hofu hiyo Wakaren wanaijua, yupo anayeficha uso kwenye picha za maandamano kwa sababu dada yake bado yuko kijijini.

Jambo moja lisitupite. Wengi wa Wakaren ni Wabudha, na bomu halimuulizi mtu anasali wapi. Mwaka 1995 makao yao makuu, Manerplaw, yalianguka baada ya askari wa Kibudha kujitenga, wakilalamika kwamba viongozi Wakristo wanawabagua. Kwa hiyo tukiwaombea "ndugu zetu Wakristo" peke yao, tunakitonesha kidonda kilekile.

Maombi ya wiki hii:

Tuiombee Mutraw kwa jina, na Lay Wah, na waliolala porini usiku huu wa mvua au wa baridi. Tuwaombee marubani, Mungu awatie mashaka mioyoni. Tuombe Wakristo na Wabudha wapatane.

Jumapili, ibada yetu ikiisha, tusikimbilie magari. Tuwasubiri Wakaren mlangoni tuwaulize wanaandika barua gani mwezi huu na inakwenda kwa nani. Mwenye haki ya kupiga kura hapa, aweke sahihi yake chini ya zao.