Siku CPU ilipopanda daladala

Mwaka 2009 nilikuwa nafundisha hesabu katika shule ya sekondari nje kidogo ya mji wa Morogoro. Kwa kuwa wakubwa waliona hesabu na kompyuta ni ndugu, nikakabidhiwa na ufunguo wa chumba cha kompyuta. Mashine zilikuwa za mtumba, za msaada, zimejaa Windows isiyo na leseni, na kila flashi ya mwanafunzi ilikuja na virusi vyake. Nikachoka. Nikaagiza diski ya Ubuntu 8.04, mfumo wa kompyuta wa ukoo wa Linux unaoweza kushika nafasi ya Windows, maana enzi hizo Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa inazituma bure kwa posta.

Kuweka mfumo wenyewe kulikuwa kwepesi kuliko nilivyotishwa. Unawasha mashine diski ikiwa ndani, Ubuntu inafunguka humohumo kwenye diski, unaionja. Ukiridhika, unabofya alama moja na kujibu maswali machache: lugha, saa za mahali ulipo, kibodi, jina. Firefox imo, OpenOffice imo. Wanafunzi walilalamikia rangi tu, ule udongo udongo uliotapakaa kila dirisha. Hata mimi sikuupenda.

Mambo yaligeuka pale mwalimu wa Kiingereza alipoleta mazoezi ya kusikiliza, mafaili ya MP3. Nikabofya. Mfumo ukanijibu kwa adabu kabisa: sina kodeki (kipande cha programu cha kufungulia sauti au video) ya faili hili, nikutafutie? Ubuntu haikuweza kuitia kodeki hiyo kwenye diski kwa sababu ya hataza, yaani haki za kisheria za wavumbuzi, katika baadhi ya nchi, lakini ilikuwa tayari kwenda kuichukua mtandaoni yenyewe. Nikakubali. Ikatafuta, ikatafuta, ikakata tamaa. Shule haikuwa na intaneti.

Nikafungua menyu ya kuongeza na kuondoa programu. Nilichokiona kilinitamanisha: orodha ndefu iliyopangwa kwa makundi, kila programu na maelezo yake, nyota za kuonyesha ipi inapendwa zaidi, na kisanduku cha kuweka tiki. Hakuna kuzurura kwenye tovuti za ajabu kutafuta programu iliyovunjwa kufuli la leseni, hakuna neksti, neksti, finishi. Unaweka tiki, unatoa nywila, basi. Ila kila tiki ilitaka mtandao.

Basi nikafanya tulivyozoea kwenye Windows. Nikaenda intaneti kafe mjini, nikapakua kifurushi cha VLC, programu ya kuchezea muziki na video, nikarudi nacho kwenye flashi. Kikagoma: kinategemea kifurushi kingine, ambacho jina lake linaanza na lib. Nikakifuata hicho. Nacho kikataja mwenzake, lib nyingine. Programu za ukoo wa Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake, hazibebi kila kitu tumboni. Zinatumia maktaba za pamoja, yaani vipande vinavyotumiwa na programu nyingi (ndizo hizo lib), na APT, chombo kilichobuniwa miaka ya mwisho ya 1990, ndiyo inayojua nani anamtegemea nani. Ukiwa na mtandao ni sawa na kuagiza jiko la gesi ukaletewa na mtungi na mpira wake. Usipokuwa nao, utafunga safari kwa kila kipande. Waliokuwa wakiniambia Linux ni rahisi kwa anayeanza walisema kweli, na waliosema ni mateso walisema kweli. Kundi la kwanza lilikuwa na waya wa mtandao ukutani.

Jumamosi moja nikaamua kuwa mtandao usipokuja kwa mashine, mashine itaufuata. Nikachomoa CPU moja, nikaifunga kwa kanga, nikasimama kituoni.

"Mama, hiyo TV inalipa siti," konda akasema.

"Siyo TV, mwanangu. Ni kompyuta."

"Basi inalipa siti na nusu."

Tukaelewana siti moja, nikaipakata.

Kijana wa kafe alinijua. Akachomoa waya wa mtandao kwenye mashine yake moja, akaniazima skrini, kibodi na kipanya. Sikugusa mipangilio yoyote. Ubuntu ikashika mtandao. Nikaiambia isome upya orodha za vifurushi, kisha nikaanza kuweka tiki: VLC, kodeki za MP3, Stellarium kwa ajili ya nyota, na Kalzium, jedwali la elementi aliloniomba mwalimu wa kemia. Hiyo Kalzium ilikuwa ya familia ya KDE, na Ubuntu yangu ilitumia GNOME (hizo ni sura mbili tofauti za madirisha na menyu za Linux), kwa hiyo iliburuta maktaba za ukoo mzima.

"Ina maana huna setup hata moja?" kijana akauliza.

"Sina."

"Na inajua pa kuvitoa?"

"Inajua."

Akavuta stuli, akakaa. Muda si muda wateja wakaanza kunung'unika kwamba neti inakokota. Mkongo wa intaneti wa baharini wa Seacom ulifunguliwa Julai mwaka huohuo. Sisi tulikuwa bado tunavuta kupitia setilaiti, na vifurushi vyangu vilikuwa vinainyonya yote. "Mwalimu, unanifukuzia wateja," akaniambia chinichini, lakini hakuchomoa waya. Nadhani naye alitaka kuona mwisho wake.

Vilipokwisha, VLC ikapiga wimbo wa kijana mwenyewe kutoka kwenye flashi yake. Akanionyesha na jambo nisilolifikiria, ingawa hakuwahi kuitumia Linux: lazima vifurushi vilivyoshushwa vimehifadhiwa mahali. Tukavisaka, tukavikuta vyote kwenye folda ya /var/cache/apt/archives. Nikavinakili.

Jumatatu, mashine zote zikiwa na toleo lilelile, nilifungua dirisha jeusi la kuandikia amri kwenye kila moja, nikaingia kwenye folda ya flashi na kuandika `sudo dpkg -i *.deb`, yaani weka vifurushi vyote vilivyomo humu. Zikajipanga zenyewe. Toleo la 9.10 la Ubuntu, Oktoba ile, lilileta kituo kipya cha programu chenye sura ya kuvutia zaidi, na watu wakakisifia kwamba sasa hata bibi anaweza. Bibi wa Morogoro bado alihitaji nauli.

Mwalimu wa kemia alibofya elementi zake mpaka kengele ikalia. Akanigeukia.

"Hivi, Mwalimu, na ya kuchora molekuli ipo?"

"Ipo. Lete hela ya siti."