Idara ikihama wizara, fungu halihami lenyewe

Nchini Uganda, Rais akihamisha idara, waziri mpya huanza kazi mara moja. Pesa hubaki nyuma. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inataka azimio la Bunge kabla fedha hazijahama kutoka fungu moja (bajeti iliyotengewa wizara au taasisi) hadi jingine. Ikitokea Oktoba, mwaka wa fedha ukiwa umeanza Julai, robo nzima yaweza kupita kabla ya azimio. Hapo ndipo madeni huzaliwa: umeme, maji, kodi ya jengo, mafuta ya magari. Mhasibu wa wizara mpya hana kifungu cha kulipia, wizara ya zamani inasema si wafanyakazi wetu tena. Kubadili mihuri na vibao ni senti tu. UNRA, mamlaka ya barabara kuu za Uganda, ilipoingizwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, mzigo ulikuwa mafao na mikataba.