Nilidhani shida ni vifaa, kumbe ni mahali nilipoweka kiti

Wimbo wa kwanza niliouamini kwa moyo wote niliusikiliza asubuhi kwenye gari la rafiki yangu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimemaliza kuumiksi chumbani kwangu, yaani kupanga ukubwa wa kila ala na sauti: besi imetulia, mwimbaji yuko juu ya muziki, kila kitu mahali pake. Ndani ya gari besi ikalipuka. Milango ikatetemeka, sauti ya mwimbaji ikazama kama mtu anayeongea chini ya mto wa kulalia. Rafiki yangu akanyoosha mkono akapunguza sauti, hakusema neno. Niliumia kwa sababu nilikuwa nimetumia usiku mzima kwenye wimbo ule.

Nikalaumu spika. Nikajinyima miezi kadhaa nikapata kubwa zaidi. Wimbo uliofuata ukatoka na ugonjwa uleule. Nikahamia kwenye programu: kutoka FL Studio kwenda Reaper, nikakusanya vikorombwezo vya kuchuja na kubana sauti mpaka nikawa sikumbuki kila kimoja kinafanya nini. Besi ikabaki ileile. Naandika haya kwa ajili ya anayeanza sasa, aliye katika kipindi hicho cha kuamini kwamba kuna kifaa kimoja tu anachokikosa.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja wa studio, mtu mzima, aliyekuja kunitembelea. Hakugusa kompyuta. Aliangalia kuta, akaangalia kiti changu, kisha akasema: "Mdogo wangu, piga noti moja tu ya besi, iache ilie. Halafu simama utembee." Nikapiga A ya chini, ile ya hezi 55 (mitetemo 55 kwa sekunde), nikaiacha. Nikiwa nimekaa niliisikia kwa mbali sana. Niliposogea nyuma hatua mbili ikaanza kukua, na nilipoegemea ukuta ikanijaa kifuani. Nikarudi kwenye kiti, ikapotea tena. Nilienda na kurudi mara nne au tano nikidhani kuna kitu kimeharibika.

Hesabu yake ni rahisi, nawe unaweza kuipiga kwa chumba chako. Sauti husafiri hewani karibu mita 343 kwa sekunde. Gawa kwa 55 upate urefu wa wimbi: mita 6 na kidogo. Nusu yake ni mita 3.1, na huo ndio ulikuwa urefu wa chumba changu. Wimbi la urefu huo likigonga kuta mbili zinazotazamana hunaswa kati yake: nguvu hujikusanya kwenye kuta, na katikati hubaki tundu. Mimi nilikuwa nimeweka kiti katikati kabisa ya chumba kwa sababu palionekana pazuri. Kila nilipohisi besi haitoshi niliongeza, na niliyokuwa naiongeza ni ile iliyokuwepo tayari, ila nilipokaa haikufika.

Nikasogeza kiti. Wengi huanzia kwenye asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele. Kwangu ikawa kama mita 1.2. Hapo ni pa kuanzia tu, usipashike kama sheria. Ukishapapata, sogea kidogo mbele na nyuma huku besi inapanda noti moja moja, utafute mahali ambapo noti hazipishani sana kwa ukubwa. Spika mbili na kichwa chako vitengeneze pembetatu yenye pande sawa, nazo ziwe kimo cha masikio. Jambo hili moja lilinisaidia kuliko kila nilichowahi kununua.

Na mablanketi ukutani? Nami niliyatundika. Yanakula sauti kali za juu, yanaacha besi ipite kama hayapo, chumba kinabaki kizito na kimefifia. Kinachoshika besi ni kitu kinene, kama mafungu ya sufi ya miamba (rockwool) yenye unene wa sentimita 10 au zaidi, kikiwekwa kwenye kona. Kama huna uwezo huo, fanyia kazi ya besi kwenye hedifoni nzuri, maana ndani ya hedifoni hakuna chumba cha kukudanganya.

Baada ya chumba, mdanganyifu wa pili ni ukubwa wa sauti. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba masikio yetu hayasikii kila sauti kwa usawa: sauti ikiwa ndogo, besi hufifia kuliko sauti za kati, ukiipandisha, besi hurudi. Kwa hiyo chochote kinachopandisha sauti hata kidogo utakiona kimeboresha wimbo. Nilikaa muda mrefu naweka kompresa, kile kifaa cha kubana sauti, kwenye kila ala nikijisifu ngoma zimenona, mpaka siku moja nilipotazama kipimo cha ukubwa wa sauti nikaona ilikuwa inaongeza desibeli 3. Nilichokipenda ni zile desibeli 3.

Tangu hapo nina utaratibu siuachi. Nikiweka kitu chochote kwenye ala, napunguza sauti inayotoka mpaka ilingane na ilivyokuwa kabla. Kisha nafumba macho, nabofya kukizima na kukiwasha haraka haraka mara nyingi mpaka nipoteze hesabu, na ndipo nasikiliza. Nikishindwa kujua ni upande gani kimewashwa, nakitoa. Nikisikia tofauti lakini sijui ni nzuri au mbaya, nakitoa pia. Miradi yangu ilipungua uzito sana. Hata wimbo wa mwingine unaoutumia kujipima, ushushe kwanza ulingane na wako, maana ule umeshapitia masta, hatua ya mwisho ya kuukuza wimbo kabla haujatoka, na una sauti kubwa zaidi. Ukiulinganisha hivihivi utaishia kuharibu wako ukiufukuza.

Kuhusu kurekodi nitasema kwa uchungu kidogo. Kuna dada mwimbaji ninayefanya naye kazi. Siku moja aliimba ubeti kwa namna ambayo sijawahi kumsikia tena, sauti ikakwaruza mwishoni mwa mstari kama mtu anayezuia kilio. Nilikuwa nimefungua maiki juu mno. Kwenye kompyuta sifuri ndiyo dari. Sauti ikifika pale hukatwa kichwa, na hakuna programu inayokirudisha kama kilivyokuwa. Tulirudia mara tano. Aliimba vizuri kila mara, ila ule mkwaruzo haukurudi.

Rekodi kwa biti 24 (kiwango cha ubora unachokichagua kwenye programu), acha sauti icheze karibu na desibeli 18 chini ya sifuri, na vilele vyake visivuke 6 chini ya sifuri. Mwambie mwimbaji aimbe ile sehemu anayopaza zaidi kabla hujapanga kiwango, kwa sababu akiingia kwenye hisia atapaza kuliko alivyofanya wakati wa kujaribu. Usiogope kwamba sauti ni ndogo, kwa biti 24 utaipandisha baadaye bila kuleta mvumo. Yule dada huyohuyo ndiye aliyeniambia siku nyingine, "Kaka, sauti yangu inanirudia nimeshaimba." Akiba ya kompyuta (bafa, sauti inayokusanywa kwanza kabla ya kupitishwa) ilikuwa kwenye sampuli, yaani vipande vidogo vya sauti, 1024, ambazo kwa kiwango cha 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 23 za kuchelewa, tena njia moja tu. Niliposhusha hadi 128 ikawa chini ya milisekunde 3. Wakati wa kurekodi shusha, wakati wa kumiksi pandisha ili kompyuta isikwame.

Jambo jingine: sikiliza miksi yako kwa spika moja ya simu. Niliwahi kutanua sauti za waitikiaji kwa kifaa kinachogeuza upande mmoja kuwa kinyume cha mwingine. Kwenye hedifoni walikuwa wamezunguka kichwa chote. Kwenye simu, pande mbili zilipojumlishwa zikafutana, kiitikio kizima kikabaki na mtu mmoja. Siku hizi nina kitufe cha mono, kinachojumlisha pande mbili kuwa moja, nakibonyeza kila baada ya dakika chache.

Ugomvi wa ngoma ya mguu (kick) na besi, zinazogombania sauti za chini, nao siku hizi nausuluhisha kabla ya kugusa ikwalaiza, kifaa cha kupandisha na kupunguza sehemu za sauti. Mmoja anakaa karibu na hezi 60, mwingine anapanda juu kidogo au anasubiri mwenzake apige kwanza. Ukiona unakata na kukata na bado panagongana, badilisha noti zenyewe.

Lakini kilichonichelewesha zaidi ya yote ni kutomaliza. Nilikuwa na folda imejaa vipande vya sekunde 15 vinavyojirudia, vingine vizuri kweli, na hakuna hata kimoja kilichokuwa wimbo. Kipande kikijirudia mara mia sikio linakizoea na kukipenda, na unaogopa kukigusa. Dawa niliyoipata ni kukinakili kwa dakika 3 nzima, kila ala ikicheza mwanzo hadi mwisho, halafu kuanza kuondoa. Hapa mwanzoni toa ngoma. Kwenye ubeti wa kwanza toa kinanda cha juu. Kabla ya kiitikio toa besi, ili ikirudi isikike imerudi. Kuondoa ni rahisi kuliko kubuni, na ndani ya saa moja unakuwa na umbo la wimbo, hata kama bado ni baya.

Wimbo wa kwanza nilioumaliza hivyo ulikuwa umelegea kwenye ubeti wa pili, na nilijua. Nikampelekea yule dada vilevile. Akausikiliza kwenye simu, nimesimama karibu, akaurudisha nyuma mara mbili. "Kaka, hapa kabla ya kiitikio nyamazisha vyote. Niachie mimi peke yangu." Nikarudi kwenye kiti, nikafuta ngoma, besi na kinanda kwenye mstari ule mmoja, akabaki yeye na pumzi anayoivuta kabla ya neno la kwanza. Pumzi ile nilikuwa nimeikata siku ya kusafisha rekodi. Nikairudisha.