Rangi ya uzee na kutu ya kijani: ninavyotunza sarafu za shaba kandoni mwa ziwa

Sarafu nyingi za shaba zinazonifikia hapa Mwanza huwa zimeshasuguliwa. Muuzaji akiona heller, sarafu ndogo ya ukoloni wa Mjerumani, ya 1909 imekuwa kahawia, huipiga ndimu na majivu mpaka ing'ae, kisha hupandisha bei. Mimi hapo huteremsha. Asidi ya ndimu imekula utando wote wa rangi ya uzee, na shaba iliyobaki ina rangi ya waridi iliyofubaa ambayo hakuna dawa ya kuirudisha.

Utando ule ndio mlinzi wa sarafu. Shaba ikikutana na hewa hufanya kwanza oksidi nyekundu, baadaye nyeusi, na salfa kidogo ya hewani huongeza weusi. Kadiri utando unavyokomaa, ndivyo hewa inavyopenya kwa shida. Rangi iliyokuja yenyewe huwa nzito pembezoni mwa herufi na nyepesi pale palipoinuka, kwa kuwa ndipo vidole hupita. Ya kutengenezwa, kwa moto au kwa dawa yenye salfa, hulingana kila mahali. Huwa natafuta mikwaruzo kwa kioo cha kukuzia: mkwaruzo unaoonekana mpya lakini una rangi ileile ya uso mzima unatia shaka. Sarafu za heller 20 za Tabora za 1916 ni jambo jingine. Zile zilipigwa kwenye karakana ya reli wakati wa vita, kwa shaba nyekundu na ya njano, na nyingi zilitoka na uso mbovu tangu siku ya kwanza. Ukiona vishimo usikimbilie kusema ni kutu.

Kazi kubwa ni kijani, maana kijani si kimoja. Kigumu, cha kuiva, kilichoshikana na shaba, nakiacha kilivyo. Chenye kunata kama gundi kinatokana na PVC, yaani vile vifuko laini vya kuwekea vitambulisho, ambavyo vikizeeka hutoa asidi. Cha tatu ni unga mwepesi wa kijani mpauko unaotoka kwenye vidoa na kuacha vishimo: hii ni kloridi, yaani kutu itokanayo na chumvi, na ndiyo hatari. Hewa ya ziwa ina unyevu lakini haina chumvi ya bahari, kwa hiyo mara nyingi kloridi inakuja na sarafu yenyewe, hasa zile sarafu za pesa za Sultani Barghash za 1299 Hijria kutoka Zanzibar, au kwa jasho la mikono. Unyevu wa hapa kazi yake ni kuiamsha. Nikiwa na shaka, naifungia sarafu kwenye kopo pamoja na pamba iliyoloweshwa maji, visigusane, kwa saa 24. Unga mpya ukitokea, naitenga na nyingine.

Kunata kwa PVC huondoka kwa asetoni safi ya duka la kemikali. Ya kuondolea rangi ya kucha haifai, ina mafuta na manukato. Natumia chupa ya kioo yenye mfuniko, mbali na jiko, saa moja, namwaga, naweka nyingine, kisha naacha ikauke bila kufuta. Asetoni haigusi utando. Udongo uliogandamana naulowesha kwenye maji yaliyokenekwa, yale ambayo mafundi huongeza kwenye betri za gari (hakikisha hupewi asidi), nabadilisha kila siku na kuchokoa kwa kijiti cha meno. Maji ya bomba hapana, yana klorini. Suuza ya mwisho ni asetoni tena, ili ivute maji yaliyojificha kwenye herufi.

Kwa kloridi, kwanza natoa unga kwa kijiti. Kisha nalowesha kwenye lita moja ya maji yaliyokenekwa yenye gramu 28 za kaboneti ya sodiamu kavu na gramu 22 za baikaboneti, ile ya kuokea. Nabadilisha kila wiki, na huchukua wiki nyingi. Mchanganyiko huo kikemia ndio magadi, na wengi huuliza kwa nini wasitumie ya sokoni. Magadi ya sokoni yana chumvi ya kawaida ndani yake, nayo ni kloridi ileile unayoikimbia. Tahadhari pia kwamba dawa hii inaweza kubadilisha rangi ya utando, kwa hiyo sarafu isiyo na unga haiingii humo kabisa.

Kuhifadhi: bahasha za plastiki ya polyester, ndani ya kopo la chakula lenye mpira kwenye mfuniko, na silika humo, yaani punje za kunyonya unyevu. Bila mpira wa pesa, bila gazeti, bila sufu. Vyote vina salfa au asidi. Kloridi hutulia unyevu ukiwa chini ya asilimia 40 hivi, basi naweka kipimo kidogo cha unyevu ndani ya kopo na kukisoma kupitia ukuta wake, hasa masika. Kikipanda, namimina punje za silika kutoka kwenye vifuko vyake, nazikausha kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili, na kuzirudisha zikishapoa kwenye chupa iliyofungwa. Ukizipoza kwenye sahani wazi dirishani, zitakuwa zimeshakunywa unyevu kabla hujafika kwenye kopo.